Beimoja na Bakuli

Kama umewahi kushonewa nguo na Beimoja, huhitaji kuambiwa jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka ubaoni. Dukani kwake, juu ya cherehani, upo ubao mweusi wenye maandishi meupe: gauni bei hii, sketi bei hii, kupunguza kiuno bei hii, na chini kabisa, kwa herufi nene kuliko zote, BEI NI MOJA. Ukimwomba apunguze hakugombezi. Anaelekeza chaki ubaoni, basi. Ukimwongezea ndiyo balaa. Atakukimbilia hadi kona ya mtaa, tepe inapepea shingoni, akurudishie chenji yako mbele za watu mpaka uone aibu kana kwamba wewe ndiye uliyemwibia.

Haukuwa ubahili, wala haikuwa roho mbaya. Kushona alifundishwa na mjomba wake, fundi mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usiojua kutaja bei. Mteja akiuliza ni kiasi gani, mjomba alijibu, toa chochote. Na watu wakatoa chochote kweli: sifa, ahadi, salamu nyingi za nyumbani. Mjomba alizeeka akisifiwa mtaa mzima, suruali yake ina viraka vya magotini. Mwisho wake watu walikuwa wanampa sahani ya chakula, wanamwambia pole mzee. Beimoja akatoka pale na somo moja kichwani: anayepokea chochote leo, kesho atapokea huruma. Fundi ana bei. Asiye na bei anacheza.

Sasa fundi huyu akaanguka. Angalau angeanguka kwa jambo la maana! Alipanda kigoda kutundika pazia lake mwenyewe, kigoda kikamkana, akatua juu ya kiganja cha kulia, kifundo kikavunjika. Hospitali wakamfunga plasta gumu kutoka vidoleni hadi kiwiko, na daktari, kijana mpole, akamwambia asiguse mkasi mpaka atakapoambiwa. Beimoja akauliza swali moja tu, kama mkono utarudi. Daktari akasema mara nyingi hurudi. Hiyo "mara nyingi" ndiyo aliyoondoka nayo. Alilala nayo, akaamka nayo, na hakumwambia mtu. Ameshona tangu usichana wake. Ukimwondolea ule mkono, hakujua atakayebaki ni nani.

Duka likashikwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye watu wote wanamwita Kicheko. Huyu naye ni fundi, tena fundi hasa, ila wa madhehebu mengine kabisa. Kicheko hajataja bei tangu azaliwe. Nguo ikiisha anaikunja, anakukabidhi kwa mikono miwili na kukuambia utoe roho inavyopenda. Ndiyo maana mawifi hawa, pamoja na kupendana kwao, hawakuwahi kufanya kazi chini ya paa moja wala kushoneana hata leso. Beimoja alikuwa akisema kwamba akimshonea wifi yake atalipwa vicheko. Kicheko alikuwa akisema kwamba akishonewa na wifi yake atatumiwa polisi. Siku ya kukabidhiana funguo, Kicheko aliapa, mkono kifuani, kwamba ule ubao hatauondoa. Na kweli hakuuondoa. Tutafika huko.

Beimoja akakaa nyumbani, na nyumba ikamwona. Akakosoa pindo za mapazia. Akakosoa mabega ya koti la mtangazaji wa habari. Mumewe, mzee mtaratibu asiyependa makelele, akaanza ghafla kupenda matembezi, anatoka asubuhi kwenda kunyoosha miguu na kurudi ikiwa imenyooka kupita kiasi. Aliyepata dawa ni mjukuu wao, binti aliyekuwa amemaliza sekondari na anasubiri majibu. Kwa utani wa babu na wajukuu, babu humwita binti huyu mke wake mdogo, na Beimoja humwita mke mwenza. Na mengi ya nyumba ile huamuliwa na wake wenza hao wawili bila mwanamume kuulizwa.

Mke mwenza akaleta tableti yake, akaiegemeza kwenye mto, akamwonyesha bibi mchezo wa mtandaoni wenye mji mzima ndani yake. Mlikuwa na mitaa, soko, msitu wa mazimwi, na watu wa mbali na wa karibu, kila mmoja anatembeza karagosi lake na kuandikiana na wenzake kwenye kisanduku cha maneno. Wanaotaka vita wanapigana. Wasiotaka wanalima, wanajenga, wanashona. Beimoja aliposikia hilo neno la mwisho akavuta kiti.

Nguo za mle huchorwa vijisanduku vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa ncha ya kidole. Kidole cha kushoto kilitosha. Kazi ile ni ndugu na kudarizi, na kwenye kudarizi Beimoja hana mpinzani. Karagosi alilichagua bila miwani, likatoka jitu la kiume lenye upara unaong'aa. Mjukuu alitaka kulibadilisha, bibi akakataa, akasema kichwa kisichohitaji kusukwa ni baraka. Jina likaandikwa Beimoja. Nguo ya kwanza aliyolichorea ni tepe ya kupimia, ikakaa shingoni, na kwa hiyo jitu la upara likaingia sokoni likiwa fundi kamili.

Mteja wa kwanza alikuwa shujaa mwenye pembe mbili, anataka koti jekundu. Beimoja akamwandikia asimame sawasawa apimwe. Shujaa akacheka, akajibu kwamba mle ndani miili yote ni sawa, nguo ikimwingia mmoja imewaingia wote. Wapi! Ungeliambia jiwe, lingekuelewa upesi zaidi. Beimoja alisema yeye hakati nguo ya mtu ambaye hajampima, na kama tepe haifiki basi atapima kwa maswali. Mabega yako yakoje? Unakaa sana au unasimama sana? Unatumia mkono gani? Mfukoni huwa unaweka nini? Shujaa alijibu la kwanza kwa mzaha. La pili alijibu kwa ukweli. Alipofika la mwisho alikuwa amekwisha kueleza kwamba nje ya mchezo yeye ni mpishi, miguu inamvimba kwa kusimama, na mfukoni haachi kitambaa cha jasho. Koti likatoka jekundu, zuri, na kitambaa cheupe kinachungulia mfukoni. Shujaa akalizungusha sokoni kama bwana harusi, na baada ya siku chache kila mtu anataka kupimwa na yule mwenye upara.

Hapo ndipo lilipozuka suala la malipo. Fedha ya mle ni shanga, na mwenye nyingi anaweza kuzigeuza salio la simu. Lakini desturi ya soko ni kwamba muuzaji hataji bei. Mbele ya kila kibanda limewekwa bakuli. Ukihudumiwa, unatia unachoona kinafaa, unaenda zako. Mjukuu akalichora bakuli zuri la buluu, akaliweka mlangoni kwa bibi. Beimoja akatafuta miwani, akalitazama.

"Mke mwenza," akasema, "umenileta huku niombe?"

Binti akaeleza kwamba si kuomba, ni watu kutoa asante. Bibi akasema asante ni neno, halitiwi kwenye bakuli. Binti akasema wote wanafanya hivyo. Bibi akasema wote hawakulelewa na mjomba wake. Bakuli likaondoka. Pakawekwa ubao mweusi wenye maandishi meupe: koti shanga hamsini, kofia ishirini, na chini, kwa herufi nene, unajua mwenyewe.

Jirani wa kibanda cha pili, muuza kofia mwenye kichwa cha chura, hakulipenda jambo hilo, na hakulificha. Alikuja akaandika kwa upole kwamba fundi anaharibu desturi. Watu wanakuja mle kupumzika na mambo ya bei. Huko nje kuna bei kila kona, hata choo kina bei. Beimoja akamjibu kwa heshima kwamba Chura acheze tu, hakuna aliyemkataza, ila yeye anafanya kazi. Chura akasema bakuli humlipa vizuri kuliko ubao wowote. Beimoja akasema leo linamlipa vizuri kwa sababu watu wamefurahi; siku wakinuna atakula kofia. Wakabishana mpaka wateja wakakusanyika, shujaa mwenye pembe akawa anaamua ugomvi, na binti wa nyumba alikuwa ameziba mdomo kwa mto ili asicheke kwa sauti.

Mimi ningesema wote wawili walikuwa na haki, lakini Beimoja hakuwa anagombania haki. Kila zilipoingia shanga hamsini alijisikia fundi. Mtu aliyevunjika mkono huambiwa pole, fundi hulipwa. Shanga zenyewe hazikuwa kitu, hata vocha ya maana hazijatosha. Lakini ubao ule ulimwambia kila siku kwamba bado yumo, hajaingia kwenye sahani ya mjomba. Akitazama plasta lake, halafu akatazama ubao, roho inatulia. Kitu kimoja tu kilimkera kidogo: wateja wake sasa wanapimwa, wanalipa, wanaondoka. Kwa Chura walikuwa wanakaa.

Miongoni mwa wapita njia alikuwako mmoja aliyeitwa Konokono. Jina alijipa mwenyewe, na lilimkaa, maana alitembea hatua moja, anasimama, hatua nyingine, anasimama, wengine wanampita mbio kama wanafukuzwa. Kila siku alikuja mbele ya kibanda cha Beimoja, akausoma ubao, akaondoka. Hakuingia kwake, na hakuingia kwa Chura wala kwa mtu yeyote. Beimoja akamvumilia, akamvumilia, mwishowe akamwandikia kwamba ubao haujabadilika tangu jana, kwa hiyo au aingie au aseme kama herufi ni ndogo.

Konokono akajibu polepole, herufi baada ya herufi. Alisema herufi ni nzuri, na ndiyo sababu anakuja. Vibanda vyenye bakuli vinamtisha. Hajui atie ngapi. Akitia kidogo ataonekana vipi, na kingi hana. Amepita soko lile siku nyingi bila kununua kitu kwa haya tu. Lakini hapa kwa fundi anajua. Ni hamsini. Anaokota uyoga msituni na kuuza, na akizifikisha ataingia akiwa ameinua kichwa, kama watu wengine.

Beimoja alisoma maneno hayo mara mbili. Akataka kumwita Chura aje asome naye, halafu akaona si vizuri kumtangaza mtu. Akamwambia tu Konokono kwamba kibanda hakihami.

Na kweli siku ikafika. Konokono akaingia, hatua moja, anasimama, akamimina shanga zake juu ya meza kabla hata hajaulizwa anataka nini. Alitaka koti la kahawia. Beimoja akaanza kupima kwa maswali yake: mabega, kukaa, kusimama. Akauliza mifuko ya ubavuni iwe miwili. Konokono akasema mmoja tu, kushoto. Fundi ni fundi. Akamwonya kwamba koti lenye mfuko mmoja ubavuni huvutwa upande likapinda.

"Mkono wa kulia hauna kazi na mfuko," Konokono akaandika. "Ulilala mwaka jana, na mimi nao. Mimi nimeamka, wenyewe bado."

Beimoja akainua macho. Chumbani kwake palikuwa na jua la asubuhi, mjukuu anaosha vyombo jikoni, na plasta lake limelala mapajani kama mtoto wa watu. Ndipo alipojua kwa nini Konokono anatembea vile. Alikuwa anabofya kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kama yeye. Na kwa mtu huyo asiyemjua sura wala sauti, Beimoja akaandika lile ambalo hakumwambia mumewe wala wifi wala mke mwenza. Kwamba na yeye anatumia kushoto. Kwamba amefungwa plasta, na daktari amesema mara nyingi hurudi, na anaogopa. Kwamba yeye kweli ni fundi, huko nje, wa cherehani, au alikuwa.

Konokono alichukua muda, lakini majibu yakaja. Naye alikuwa fundi, wa saa za mkononi, mwenye ubao wake ukutani. Alipougua, watu walimletea saa ambazo hazijaharibika ili wapate sababu ya kumpa kitu. Alizifungua, akazikuta nzima, akazifunga, akalia. Kisha akabadilisha mazungumzo, akamfundisha dawa aliyofundishwa hospitali: plasta likitoka, aloweke kitambaa kwenye maji ya vuguvugu akikamue, kila siku akikamue, hata kama linatoka tone moja.

Basi Beimoja, Beimoja yuleyule wa ubao, akafanya kitu ambacho angekisikia kwa mwingine angekataa. Alimwandikia Konokono achukue shanga zake, koti hili ni bure.

"Usinifanyie hivyo, fundi," Konokono akajibu. "Bei ndiyo iliyoniingiza humu. Ukiifuta, umenitoa nje."

Fundi akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa amemtendea mwenzake kile anachokikimbia yeye maisha yake yote. Akazipokea hamsini zote, akachora koti la kahawia lenye mfuko mmoja kushoto, na ili lisipinde akaweka upande wa kulia mstari wa vifungo vizito, vikalivuta likakaa sawa. Konokono akalivaa, akageuka huku na huku, polepole, akaondoka. Beimoja alipotazama mezani akakuta shanga nyingine tano, pembeni, zimepangwa vizuri.

Mnajua alivyo. Jitu la upara likachomoka mbio na shanga mkononi, likamfikia Konokono kabla hajamaliza hatua ya tatu, na Beimoja akaandika kwamba mteja amezidisha, bei ni moja. Soko zima likageuka kutazama, Chura akatoka nje kabisa.

"Za koti nimekwisha lipa," Konokono akaandika. "Hizo ni za kunipima. Siku hizi watu hawanipimi, fundi. Wananitazama tu, halafu wanasema pole."

Beimoja akazitazama zile shanga tano. Maisha yake yote ziada ilikuwa ni huruma iliyovaa nguo nzuri. Sasa huyu hapa, mtu anayeichukia huruma kuliko yeye, ameweka ziada mezani baada ya kulipa kila kitu, na haikunuka huruma hata kidogo. Ilikuwa ni furaha tu, imekosa mahali pa kukaa. Akasimama katikati ya soko na shanga tano mkononi, akaandika neno moja, ahsante, na shavuni machozi yanamteremka. Halafu akamwita mke mwenza atoke jikoni alirudishe lile bakuli la buluu. Dogo, alisema. Likae pembeni. Na ubao asiuguse mtu.

Chura alipoliona akaandika kwamba hatimaye fundi amestaarabika. Beimoja akamwambia naye aweke ubao japo mdogo, kwa wateja wenye haya, kama ana ubinadamu. Kesho yake Chura akaweka, akasema si kwa sababu ameambiwa. Na Konokono akaingia kwa Chura akanunua kofia.

Plasta likatoka. Chini yake mkono ulikuwa mwembamba, umepauka, mgumu kama wa kuazima. Beimoja akaanza kukamua kitambaa. Mwanzo halikutoka hata hilo tone. Alikamua akitukana, akakamua akiimba, mumewe akaacha matembezi akawa anakaa naye kushika beseni, na hakuliacha. Vidole vikaanza kusikia. Daktari akaridhika. Lakini kukamua kitambaa ni jambo moja, na kupitisha mshono ulionyooka nyongani mwa gauni ni jambo jingine, na hilo hakuna daktari aliyeweza kumwambia.

Siku aliporudi dukani alikuta jogoo. Amefungwa kwenye mguu wa cherehani, anamtazama kama yeye ndiye mwenye duka. Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na bakuli la plastiki. Na ubao? Ubao ulikuwapo palepale, kama Kicheko alivyoapa, ila mbele yake limetundikwa gauni refu pana kiasi kwamba haionekani hata herufi moja. Kicheko akaeleza huku akicheka kwamba gauni lilikosa mahali. Jogoo, akasema, ni malipo ya sketi mbili. Mwenyewe roho yake ilipenda hivyo. Wengine walizidisha, wengine walipunja, mmoja alitoa wimbo. Beimoja akavuta pumzi ya kuanza ugomvi, kisha akaona duka limefagiliwa, mashine imetiwa mafuta, nguo za watu zimepigwa pasi zimepangwa. Wifi yake alikuwa amebeba duka lile miezi yote bila kudai hata nauli. Ugomvi akauacha, akamuuliza anamdai kiasi gani.

"Wifi," Kicheko akasema, "toa roho inavyopenda."

Haya sasa! Mwanamke aliyejua bei ya kila pindo hakujua aanzie wapi. Akitoa kidogo ni dharau, akitoa kingi Kicheko atakirudisha kwa mizaha. Alisimama pale akiwa na haya ileile ya Konokono mbele ya vibanda vya mabakuli, na akacheka peke yake, wifi akadhani amechanganyikiwa. Mwishowe akaivuta tepe shingoni, akamwambia asimame sawasawa. Atamshonea gauni. Ndiyo asante yake.

Kicheko ana mdomo mrefu, lakini alipozungushiwa tepe alinyamaza. Miaka yote ile amepima watu, hakuna aliyempima yeye. Alivuta tumbo ndani, akaambiwa aliachie, akaliachia. Beimoja akamuuliza mfukoni huwa anaweka nini. Akasema miwani, peremende za wajukuu, na picha ya mama yao yeye na kaka yake, ambayo Beimoja hakujua kama anatembea nayo.

Gauni lilichukua siku nyingi kuliko gauni lolote alilowahi kushona. Mkasi ulitetemeka. Kicheko alijitolea kumzungushia gurudumu, akafukuzwa. Mabega yakakaa, shingo ikakaa, mifuko ikakaa vizuri ajabu. Lakini nyonga ya kushoto mshono ulipinda. Akafumua, akashona, ukapinda tena palepale, kama mtu aliyezoea kupita njia yake. Beimoja akauacha. Alilikunja gauni, akalikabidhi kwa mikono miwili, akijua kwamba litachunguzwa, maana wifi yake ana jicho la fundi, na hakuna mshono uliopinda ambao jicho lile haliuoni. Aliogopa neno moja tu. Angeweza kuvumilia kuchekwa mwaka mzima, ila si kuambiwa pole.

Kicheko akavaa, akaenda kwenye kioo. Akageuka kulia. Akageuka kushoto, akaiona nyonga, akapitisha kidole juu ya mshono kutoka juu hadi chini. Hakucheka. Akaenda ukutani, akalitungua lile gauni refu, ubao ukatokea, akausoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: gauni, bei hii. Akafungua pochi, akaweka mezani bei ya gauni, kamili, bila kupungua na bila kuzidi. Yeye, ambaye tangu azaliwe hajauliza bei ya kitu.

Beimoja akamwambia hapana, ile ni asante, si ya kulipiwa.

"Asante nitaipokea siku nyingine," Kicheko akasema. "Hili limeshonwa na fundi, na fundi ana bei. Na nyonga imepinda, wifi. Nimelipa, kwa hiyo utanirekebishia, na sitaki kusikia udhuru wa mkono."

Beimoja akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mapande ya vitambaa, akalia hukohuko kwenye kicheko, jogoo akashtuka akawika, na muuza vifungo wa duka la pili akaja kuuliza kuna nini. Hakuna aliyeweza kumjibu. Alipoinuka, Beimoja akaiweka bei ya gauni kwenye saraka ya fedha, mahali pake. Kisha akachota sarakani kwa mkono wa kulia, kiasi alichokamata ndicho hichohicho, akakitia kwenye bakuli la wifi yake bila kuhesabu. Kicheko akanyoosha shingo achungulie, akaambiwa bakuli halichunguliwi.

"Sasa livue nilifumue," Beimoja akasema, akavaa miwani, akatafuta wembe.